Taswira za Goma Zilizovunja Rekodi: Ipi Imeiva Kuwa Alama ya Mji?

Picha huweza kuzunguka dunia kwa siku moja, lakini kuwa alama ya mji ni kazi ya miaka. Kipimo ninachokiamini ni hiki: taswira imeiva pale mtu ambaye hakuwa amezaliwa ilipotokea anapoitambua na kuisimulia kama yake. Kwa hiyo naipa kila taswira miaka 20 kabla ya kuivika taji. Tuone za Goma, mji wa mashariki mwa Kongo.

Iliyosambaa haraka kuliko zote: gorila wa Rumangabo, 2019
Aprili 2019, Mathieu Shamavu, mlinzi wa Hifadhi ya Virunga iliyo jirani na Goma, alijipiga picha huko Rumangabo huku gorila wawili yatima wamesimama wima nyuma yake. Kwa siku chache tu dunia nzima ilikuwa imeiona. Mmoja wa gorila hao, Ndakasi, aliokolewa mwaka 2007 akiwa na umri wa miezi miwili, amemng'ang'ania mama yake aliyeuawa. Alikufa Septemba 2021 mikononi mwa mlezi wake, Andre Bauma. Picha hii inapendwa, ila bado changa.

Yenye uchungu kuliko zote hifadhini: Senkwekwe, 2007
Mwaka huohuo Ndakasi alipobaki yatima, Brent Stirton aliwapiga picha watu waliombeba Senkwekwe, gorila dume aliyeuawa kwa risasi, juu ya machela ya miti. Kituo cha gorila yatima huko Rumangabo kimepewa jina lake. Tukio likishageuka jina la mahali, haliko mbali na kuiva.

Lava yenye kasi kuliko zote: 1977, ikashindwa na ya 2002
Tarehe 10 Januari 1977, ziwa la moto la volkano ya Nyiragongo lilipasuka na kumwagika kwa muda usiofika saa moja. Lava yake, iliyokadiriwa kukimbia kilomita 60 kwa saa, imehesabiwa kuwa ya kasi zaidi kuwahi kurekodiwa. Lakini mkazi wa Goma ukimtajia volkano, husimulia 17 Januari 2002. Siku ile lava ilitembea polepole zaidi, ikakata katikati ya mji, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege na kuingia Ziwa Kivu. Maelfu ya nyumba ziliteketea. Watu walirudi wakajenga juu ya mwamba uleule, kuta na nyua zikainuliwa kwa mawe yake meusi. Kijana wa leo hahitaji picha, maana anaikanyaga kila siku. Rekodi ni ya 1977, alama ni ya 2002.

Umati mkubwa kuliko wote: Julai 1994
Wakimbizi wapatao milioni moja waliingia kutoka Rwanda kwa siku chache. Kipindupindu kiliua maelfu ya watu, na ardhi ya mwamba wa volkano ilikuwa ngumu hata kuchimba kaburi. Sebastião Salgado ni mmoja wa waliopiga picha zile. Miaka 20 imepita zamani, na hakuna aliyesahau, ila huo ni msiba wa wakimbizi, si alama ya mji.

Iliyodumu kuliko zote: chukudu
Hii, skuta ya mbao ya kubebea mizigo, haina tarehe wala mpigapicha mmoja. Gurudumu la mti limevishwa mpira wa tairi kuukuu. Kwenye mteremko dereva hupiga goti moja juu ya ubao, huku magunia ya makaa, viazi au kabeji yamemzidi kimo. Mji umeijengea sanamu ya rangi ya dhahabu kwenye mzunguko wa barabara. Inaonekana kila asubuhi, na mtoto huijua kabla ya kujua kusoma.

Changa kuliko zote: Mei 2021 na Januari 2025
Mlipuko wa Nyiragongo wa 22 Mei 2021 na kuingia kwa waasi wa M23 mjini mwishoni mwa Januari 2025 vimeacha picha nyingi. Hizo bado ni vidonda, na haifai kuzipa taji watu wakiwa wanaomboleza.

Taji langu naipa chukudu na lava ya 2002. Nawe uliye na picha ya zamani ya Goma sandukuni, andika nyuma yake leo tarehe, mtaa na majina ya waliomo, kisha umsimulie mtoto wako. Bila msimulizi, hata miaka 50 haitatosha.