Chanda chema huvikwa pete, lakini wakala mpya wa bima huvikwa lini?

Ukishuka matatu katika Barabara ya Digo asubuhi, mpenzi msomaji, pua ndiyo itakayokujulisha kwamba umefika Marikiti. Iliki, mdalasini, bizari na pilipili manga zimejaa magunia hadi kwenye njia ya kupita, na hamali wanakupigia kelele uwapishe na mikokoteni yao. Jina lake la vitabuni ni Soko la Mackinnon, lakini mwulize mtu wa Mombasa njia ya kwenda Mackinnon uone atakavyokutazama.

Humo ndimo nilimofuatana na binti mmoja wa Mji wa Kale, amevaa buibui lake na kukumbatia mkoba wa karatasi. Hauzi viungo wala embe. Auza bima ya afya, na alikuwa na miezi minne tu katika kazi hiyo. Tulisimama mbele ya meza ya bimkubwa mmoja mwenye miwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nikupimie iliki?"

"Leo si iliki, mama. Nimekuja na yale mambo ya bima ya matibabu."

"Bima tena! Si nishajiandikisha SHA? Ama wewe wataka niugue ndipo upate faida yako?"

Meza za jirani wakaangua kicheko. Binti akacheka nao, akaagiza iliki ya shilingi mia, tukaondoka. Huyo alikuwa mteja wa sita asubuhi ile, na hakuna aliyetia saini. Ile mia ya iliki ilitoka mfukoni mwake mwenyewe.

Sasa wewe msomaji, hebu jiweke mahali pa binti huyu. Wakala wa kujitegemea si mfanyakazi wa kampuni. Hana mshahara mwisho wa mwezi wala likizo. Kabla hajauza chochote ni lazima asome na kufaulu mtihani wa kupata cheti cha umahiri ambacho wenyewe hukiita COP, kisha apewe leseni na Mamlaka ya Kusimamia Bima, IRA. Leseni hiyo ni ya mwaka mmoja tu. Ikifika tarehe 31 Desemba imekwisha, iwe ameuza bima mia moja au hakuuza hata moja.

Malipo yake ni kamisheni. Tuseme amempata mteja wa kulipa shilingi 40,000 kwa mwaka, na kamisheni yake ni shilingi kumi katika kila mia. Hapo amepata 4,000. Serikali inakata kodi yake ya asilimia 10 kabla hajazishika, zinabaki 3,600. Toa nauli ya tuktuk ya wiki tatu za kumfuata mteja huyo, toa pesa za simu, toa na iliki za heshima kama zile. Ukimaliza hesabu utaelewa kwa nini wengi huanza kazi hii kwa bidii na wakaiacha kabla ya mwaka kwisha.

Ndiyo maana makampuni yakabuni tuzo. Nenda katika ofisi yoyote ya bima mjini, utaona ukutani picha za mawakala walioshinda, kila mmoja ameshika kombe na kutabasamu. Chama cha kampuni za bima nchini, AKI, nacho huwa na tuzo zake za mawakala bora, na usiku huo watu huvaa suti na magauni kama wanakwenda harusini. Wako wanaolipiwa safari za ng'ambo. Duniani kuna chama cha wauzaji hodari wa bima kiitwacho Million Dollar Round Table. Kilianzishwa mwaka 1927 na watu 32 tu waliokutana Memphis, Marekani, na hadi leo wakala wa Mombasa au wa Tokyo akiingia humo hujisifu kama aliyehiji. Lakini sharti afikie kiwango cha mapato kilichowekwa, na kiwango hicho si cha mtu aliyeanza juzi.

Kwa wageni katika kazi, kampuni huweka mashindano madogo: atakayeleta wateja wengi katika miezi mitatu ya kwanza atapewa simu, au bahasha, au cheti na kupigiwa makofi mbele ya wenzake. Usidharau makofi, ndugu yangu. Mtu aliyechekwa Marikiti kutwa nzima akiitwa jina lake mbele ya ukumbi, miguu yake hupona.

Hata hivyo mimi nina kinyongo na mashindano haya, na sitakificha. Mpwa wangu alikatiwa bima na kijana mmoja aliyekuwa mbioni kutafuta zawadi. Ilikuwa siku mbili kabla ya shindano kufungwa. Kijana alikuja nyumbani magharibi, akaandika upesi upesi, akaondoka. Mke wa mpwa wangu alikuwa mjamzito. Hakuna aliyewaambia kwamba bima nyingi za binafsi zina muda wa kusubiri: kwa kawaida siku thelathini kwa maradhi, na miezi kumi au hata mwaka mzima kwa uzazi. Mtoto alizaliwa mwezi wa nne wa ile bima. Hospitali ilipopiga simu, kampuni ikajibu haihusiki, na kwa mujibu wa karatasi ilikuwa na haki. Tulichanga familia nzima hadi mjomba wa Malindi akauza mbuzi wawili. Yule kijana naye, nilisikia, alipata simu yake.

Kwa hiyo swali langu si kama wakala mpya atuzwe. Atuzwe! Ila atuzwe kwa lipi?

Wenzetu wa Marekani wamelifikiria jambo hili kwa njia yao. Huko kuna Medicare, bima ya serikali ya wazee wa miaka 65 kwenda juu, iliyotiwa saini na Rais Lyndon Johnson mwaka 1965. Mzee akitaka anaweza kuchagua mpango wa kampuni binafsi ndani ya Medicare, na mawakala wa kujitegemea humsaidia kuchagua kati ya tarehe 15 Oktoba na 7 Desemba kila mwaka. Serikali imeweka kikomo cha malipo ya wakala. Mwaka wa kwanza hulipwa kitu kamili, na kila mwaka mteja anapobaki hulipwa hadi nusu yake. Na mzee akijitoa kabla ya miezi mitatu, kwa kawaida wakala hutakiwa kurudisha alicholipwa. Sidai kwamba huko hakuna ujanja, maana ujanja hauna pasipoti. Lakini angalau pesa yenyewe inamwambia wakala kwamba mteja ni wa kukaa naye.

Huku kwetu kazi ya wakala mpya imekuwa ngumu zaidi na tena nyepesi zaidi. NHIF, tuliyoizoea tangu mwaka 1966, ilifungwa na SHA ikashika nafasi yake tarehe 1 Oktoba 2024. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara, na hakuna anayelipa chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Mfanyabiashara wa Marikiti hupimwa uwezo wake na hutakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa pamoja, na hapo ndipo manung'uniko yalipo. Bima ya binafsi haiondoi wajibu huo, huja juu yake. Wakala anayemwambia bimkubwa "achana na SHA, chukua hii yangu" anamdanganya. Wapo pia wanaouliza kuhusu riba, na hao huelekezwa kwenye takaful, bima ya kufuata sharia ambayo Kenya imekuwa nayo tangu mwaka 2011.

Nikamwuliza yule binti zawadi gani angeipenda. Nilidhani atasema Dubai. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Mimi mwenyewe sina bima ya kampuni. Nauza nisichokuwa nacho." Alipougua homa mwezi wa pili alilala nyumbani siku tano na hakuingiza hata senti. Laiti kampuni ingempa wakala anayefikisha wateja kumi bima ya mwaka mmoja badala ya kombe la bati, asema, angekuwa na cha kuwaonyesha watu wa Marikiti: kadi yake mwenyewe.

Kampuni zinazosoma ukurasa huu zichukue hilo bure.

Na wewe msomaji unayefuatwa na wakala mpya, usimfukuze, lakini mwombe leseni yake uisome. Mwulize muda wa kusubiri ni miezi mingapi, na maradhi uliyo nayo tayari yamewekewa kiasi gani. Pesa zako zilipe kwa kampuni yenyewe, kwa benki au kwa simu, udai risiti, kwa sababu kwa sheria yetu bima haianzi hadi kampuni ipokee ada.

Wiki tatu baadaye nilipita tena pale sokoni kununua bizari. Bimkubwa wa miwani alinitambua. "Yule msichana wenu mwambie arudi," akasema huku akifunga karatasi. "Lakini aje Ijumaa baada ya sala, na asije na maneno mengi. Na dada yangu wa meza ya pili ana sukari, amwambie kweli kama atachukuliwa ama la."

Nilimpigia simu binti nikiwa bado nimesimama pale.