Daftari la Polisi Halitoshi Kupima Usalama wa Mtaa

Anayetafuta kiwanja Kilole mjini Korogwe, au Vibaoni mjini Handeni, huuliza habari za wezi mapema kabisa, pengine kabla hata ya kuuliza habari za maji. Majibu hugongana. Jirani humwambia vibaka wamezidi, ilhali taarifa iliyosomwa kwenye mkutano wa hadhara ilisema kesi zimepungua. Wote wawili wanaweza kuwa wakweli, kwa sababu jirani anahesabu yaliyotokea na taarifa inahesabu yaliyoandikwa. Hoja yangu ni kwamba katika miji midogo kama hii miwili, kesi zikiongezeka kituoni mara nyingi ni kwa sababu watu wameanza kuliamini dawati la polisi, na kiongozi anayejisifia kupungua kwa kesi huenda anasifia ukimya.

Tuanze na hesabu yenyewe. Kiwango cha uhalifu hupatikana kwa kugawanya idadi ya matukio kwa idadi ya wakazi, kisha kuzidisha kwa 100,000. Sensa ya 2012 iliikuta Halmashauri ya Mji wa Korogwe ikiwa na wakazi 68,308, na ya Handeni 79,056. Tuseme, kwa mfano tu, Korogwe ingekuwa na mauaji matatu mwaka mmoja na sita mwaka unaofuata. Kiwango kingeruka kutoka 4.4 hadi 8.8, na gazeti lingeandika kwamba mauaji yameongezeka maradufu. Lakini matukio matatu zaidi yanaweza kuwa ugomvi wa usiku mmoja katika nyumba moja. Ukishuka hadi ngazi ya kata yenye watu 6,000, tukio moja tu linatoa kiwango cha karibu 17. Kwa hiyo takwimu ya mwaka mmoja ya mji mdogo haisemi mengi. Ya miaka mitano ikiwekwa pamoja ndiyo huanza kusema. Kuna tatizo jingine ambalo Korogwe inalijua vizuri. Mji uko kwenye barabara kuu itokayo Segera kwenda Moshi na Arusha, na mabasi hushusha na kupakia watu ambao sensa haikuwakuta hapo. Msafiri akiibiwa begi stendi, wizi wake unaandikwa Korogwe, ila yeye mwenyewe hamo katika wakazi wanaogawanyiwa hesabu. Mzee wa Kilole ambaye hajawahi kuguswa na mwizi anabebeshwa sifa ya stendi.

Upande wa pili ndio mzito zaidi: yasiyofika kituoni. Fikiria vitu vinavyoibwa mtaani. Pikipiki yenye bima kubwa itaripotiwa siku hiyohiyo, kwa sababu bima hailipi bila taarifa ya polisi. Kitambulisho na cheti vitaripotiwa, kwa sababu huwezi kupata kingine bila karatasi ya polisi. Lakini kuku watano, sufuria zilizoachwa uani, betri ya sola, nguo zilizoanuliwa na mkono usiojulikana, vyote hivyo vinaishia kwa mwenyekiti wa mtaa au kwenye manung'uniko kisimani. Nauli ya kwenda kuchukua RB, yaani namba ya taarifa kituoni, kurudi kuandika maelezo, kurudi tena kumtafuta mpelelezi, inaweza kuzidi bei ya kuku wenyewe. Vijijini Handeni, ambako ugomvi wa wakulima na wafugaji si jambo geni, ng'ombe wakila mahindi watu hukaa chini na serikali ya kijiji wakakubaliana fidia, na daftari la polisi halioni kitu. Majumbani ndiko kimya kinakozidi. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa 2015–16 uliwauliza wanawake faraghani, na asilimia 40 ya wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walisema wamewahi kupigwa au kuumizwa kimwili tangu walipofika miaka 15. Mtaa wenye majeraha kama hayo unaweza kabisa kuwa na kesi chache.

Ushahidi mzuri zaidi wa hoja hii unatoka mbali, katika mji wa Cardiff, Wales. Daktari wa upasuaji Jonathan Shepherd aligundua kwamba majeruhi wengi wa vurugu waliofika hospitali hawakujulikana na polisi. Hospitali ikaanza kuuliza mambo machache: umeumizwa wapi, saa ngapi, kwa silaha gani. Majina yakaondolewa, orodha ikapelekwa kwa polisi na halmashauri. Matokeo yaliyochapishwa 2011 yalionyesha kwamba waliolazwa kwa kuumizwa walishuka kutoka saba hadi watano kwa mwezi kwa kila watu 100,000, wakati katika miji iliyolinganishwa nayo walipanda kutoka watano hadi wanane. Jambo ambalo wengi hulipita haraka ni hili: mashambulio madogo yaliyoandikwa na polisi wa Cardiff yaliongezeka. Mji ulikuwa salama zaidi, na daftari likanenepa.

Wapo watakaosema hatuhitaji hesabu hizi zote, kwa kuwa wananchi wakijilinda wenyewe wezi hukimbia. Hoja hiyo ina uzito wake. Sungusungu ilizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa Wasukuma na Wanyamwezi, watu waliochoshwa na wezi wa ng'ombe, na marekebisho ya sheria ya 1989 yakaipa nguvu ya kisheria. Ulinzi shirikishi wa leo ni mtoto wake, na filimbi ya usiku inazuia mengi. Lakini sheria inayomruhusu raia kumkamata mhalifu inamtaka pia amkabidhi polisi bila kuchelewa. Mwizi akipigwa na kuachiwa, au akichomwa moto, kesi ya wizi haiandikwi popote na takwimu za wizi zinashuka. Kushuka huko kumenunuliwa kwa damu, pengine ya kijana aliyesingiziwa, na hakuna anayelala salama zaidi katika mtaa ambako kelele za "mwizi!" zinatosha kumuua mtu.

Wengine watauliza nani ataifanya kazi ya kuhesabu yasiyofika kituoni. Sehemu kubwa inafanyika tayari. Mwenyekiti wa mtaa anapokea malalamiko kila siku. Kinachokosekana ni daftari lenye safu nne, yaani kitu, mahali, saa, na kama kimefika polisi, bila jina la mlalamikaji. Polisi kata anaweza kulilinganisha na lake kila mwezi na kutenga matukio ya stendi na ya makazi. Hospitali ndiyo ngumu, kwa sababu ya PF3, fomu ya polisi kwa ajili ya majeruhi. Mwanamke anayemwogopa mumewe, au kijana anayeogopa kuulizwa alikuwa wapi, akiona lazima apitie polisi kwanza huenda asitibiwe kabisa, na takwimu za hospitali zinarithi ukimya uleule wa kituo. Kwa hiyo hospitali ya Magunga mjini Korogwe na ile ya Handeni zingepaswa kuandika mahali na saa ya kila jeraha la kupigwa, awe mgonjwa amekuja na fomu au hakuja nayo, na hesabu hiyo isomwe kwenye mkutano wa mtaa pamoja na ile ya polisi, hata mwezi ambao zinapingana.