Je, Wajua? Maajabu ya Benchi la Mama Ntilie

Sogea kidogo, ndugu yangu, benchi linatosha. Mama bado anapakua, basi nikuulize: kwa nini Jumatatu unaamka umechoka? Hesabu mwenyewe! Jumamosi ni mosi, Jumapili ni pili. Wiki ya Waswahili imeshafika siku ya tatu, na wewe ndiyo kwanza unatafuta viatu vya kazini.

Ngoja, bado. Jumatano ni siku ya tano, sivyo? Haya, Alhamisi nayo imetoka kwenye neno la Kiarabu lenye maana ya tano! Wiki yetu ina tano mbili zimefuatana, sita haimo kabisa, na hakuna aliyewahi kudai arudishiwe siku yake.

Je, wajua kwamba mshahara maana yake ni mwezi? Mzizi wake ni shahr, mwezi kwa Kiarabu. Kwa nini basi unaisha tarehe 9, hilo kamuulize mwenye duka.

Na kibarua ni barua, ila ndogo! Zamani mfanyakazi wa kutwa alipewa kikaratasi cha kuonyesha kwamba siku hiyo kafanya kazi. Kikaratasi kikampa jina mtu mzima mwenye familia yake, na mpaka leo "kibarua kikiota nyasi" nyumba nzima inajua.

Serikali je? Neno la Kiajemi hilo. Sar ni kichwa, kar ni kazi. Mimi sisemi kitu.

Sasa shika hili la posho, ndilo nilipendalo kuliko yote. Zamani posho ilikuwa chakula anachopimiwa mfanyakazi au askari, kwa kawaida unga. Uganda neno likabaki sufuriani: ukiagiza posho Kampala utaletewa ugali, na mwanafunzi wa bweni kule anaijua posho na maharage kama anavyolijua jina lake. Kenya likabaki mashineni: kinu cha kusagia mahindi mpaka leo wanakiita posho mill. Na Tanzania? Tanzania likapanda ngazi, likavaa suti, likaingia bungeni! Posho ya kikao ni fedha anayolipwa mbunge kwa kuhudhuria kikao. Neno moja, nchi tatu: mmoja analila, mmoja analisaga, mmoja analisainia.

Na huo ugali wenyewe unaouita chakula cha mababu? Mahindi yalianza kufugwa na wakulima wa Mexico miaka kama 9,000 iliyopita, yakafika kwetu baada ya Wareno kuanza kuzunguka bahari. Jina tukayapa la Uhindi! Kwao Mexico, jina la India, na ukimwambia babu kwamba ni ya kuja, jiandae kukimbia.

Usicheke, tazama sahani yako. Nyanya, Amerika. Maharage, Amerika. Pilipili, karanga, muhogo, viazi vitamu: Amerika, Amerika, Amerika. Vyote hivyo havikujulikana pwani hii miaka 600 iliyopita. Dagaa wako huyo ndiye mwenyeji.

Wali nao una vituko vyake. Ukiwa shambani ni mpunga, ukikobolewa ni mchele, ukiiva ni wali, ukilainika ni ubwabwa, na ule ulioshika chini ya sufuria ni ukoko, ambao watoto wanaugombea. Mwingereza ana neno moja tu kwa mpunga, mchele na wali! Nazi ndiyo usiseme: kidaka, kitale, dafu, koroma, kisha nazi yenyewe.

Ukienda Uganda, wajua utakula Rolex kwa bei ya chai? Si saa ya mkononi, ni mayai yaliyokunjwa ndani ya chapati. Jina limezaliwa kwa maneno ya Kiingereza ya kukunja na mayai, yakatamkwa mdomo ukiwa umejaa. Kwa maoni yangu hakuna chakula bora cha kulia njiani katika ukanda huu wote, na mpenzi wa chipsi mayai aje tubishane.

Tukiwa njiani: matatu ya Nairobi ilipata jina kwa nauli ya mapeni matatu, senti 30. Daladala ya Dar es Salaam ilipata lake kwa sarafu ya shilingi 5, iliyoitwa dala. Na bodaboda ilizaliwa mpakani Busia, kwa waendesha baiskeli waliokuwa wakiwaita abiria wa kuvuka kati ya Kenya na Uganda. "Boda, boda!" Mpaka umegeuka pikipiki.

Kula na kura zinapishana herufi moja, umewahi kufikiri? Tarehe 8 Agosti 2017, siku ya uchaguzi Kenya, jamaa mmoja alipigwa picha akiwa kwenye foleni ya kura, anakula githeri kutoka kwenye mfuko wa plastiki, hana habari na mtu. Nchi nzima ikampenda, na kabla mwaka haujaisha akatunukiwa heshima ya taifa! Na ule mfuko? Siku 20 baada ya kura, Kenya ikapiga marufuku mifuko ya plastiki.

Chai ya saa nne kazini kwenu huanza saa ngapi? Tarehe 27 Agosti 1896, Waingereza walianza kuipiga mizinga ikulu ya Zanzibar saa 3 na dakika 2 asubuhi. Wengi huhesabu dakika 38, wengine 45. Hata ukichukua 45, vita vilianza, vikaisha, na chai ya saa nne ilikuwa bado!

Unamjua sangara? Mgeni huyo, aliletwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na anaweza kufika kilo 200. Kwa ajili yake Kenya na Uganda zimevutana kwa miaka juu ya Migingo, jiwe lenye mabati juu, dogo kuliko nusu ya uwanja wa mpira. Jirani yake kuna kisiwa kikubwa zaidi, Usingo. Hicho hakuna anayekigombania!

Julius Nyerere alikuwa rais, na usiku akawa na kibarua kingine: kutafsiri Shakespeare. Alichagua nini cha kuanzia? *Julius Caesar*! Julius kamtafsiri Julius, ikatoka mwaka 1963.

Sasa Sabasaba, nishike mkono usianguke. 7 Julai 1954 TANU ilizaliwa Dar es Salaam. 7 Julai 1990 Wakenya waliingia barabarani kudai vyama vingi, wakakutana na virungu. Tarehe ileile, huku wanasherehekea chama, kule wanakimbizwa kwa kukichoka chama! 7 Julai 2000 mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki mpya ukaanza kazi, na mwaka 2021 UNESCO ikaichagua 7 Julai kuwa siku ya Kiswahili duniani. Mara nne, ndugu yangu. Ningekuwa mcheza bahati nasibu ningejua pa kuanzia.

Jumuiya hiyo ilianza na nchi 3, leo zina idadi ya miguu ya buibui: 8. Congo ilipoingia mwaka 2022 tukawa tunagusa bahari mbili, Hindi upande huu, Atlantiki upande ule. Na wajua bandari ya Congo kule mdomoni mwa mto, kwenye Atlantiki, inaitwaje? Banana! Haki ya Mungu, ipo kwenye ramani.

Mama, hebu tuongezee ndizi mbili hapa.