Sikukuu ya Furaha na Machozi Nchini Vietnam

Tarehe 30 Aprili 1975, kabla ya adhuhuri, vifaru vya Kaskazini viliingia mjini Saigon. Kifaru namba 390 kilivunja lango kuu la ikulu. Kamanda wa kifaru namba 843, Bui Quang Than, akapanda juu na kutweka bendera ya ukombozi. Jenerali Duong Van Minh, aliyekuwa rais kwa siku mbili tu, akatangaza kusalimu amri. Vita vikakoma.

Siku hiyo ni sikukuu ya taifa. Bendera hutundikwa milangoni, na kwa kuwa kesho yake ni Mei Mosi, wengi hupata nafasi ya kwenda kwao kuwaamkia wazazi. Safari hiyo si jambo dogo. Tangu mwaka 1954 nchi ilikuwa imekatwa vipande viwili kwenye mto Ben Hai, na ziko nyumba zilizokuwa na mwana mmoja huku na mwingine kule, kila mmoja na bunduki yake.

Vo Van Kiet, mzaliwa wa Kusini aliyepigana upande wa ukombozi na baadaye akawa Waziri Mkuu, alifiwa na mkewe na watoto wawili mwaka 1966 kwa mashambulizi ya Wamarekani. Ndiye aliyesema, mwaka 2005, kwamba siku hiyo mamilioni hufurahi na mamilioni huhuzunika. Kutamka neno hilo kulitaka ushujaa, maana askari aliyeshindwa naye ana mama.

Mifupa ya askari wengi, wa pande zote mbili, haijapatikana hadi leo. Jamaa zao huchoma ubani mbele ya picha, kwa kuwa kaburi hawana.