Seli ya Fueli na Gesi ya Mkonze

Mwaka 1839 mwanasayansi William Grove wa Wales alionyesha kwamba haidrojeni na oksijeni huweza kuungana zikazaa umeme na maji pasipo moto. Huo ndio msingi wa seli ya fueli.

Katika kituo kidogo cha gesi asilia, methani huchanganywa kwanza na mvuke wenye joto kali ili itoe haidrojeni. Haidrojeni huingia upande mmoja wa seli na hewa upande wa pili. Elektroni hupita katika waya, na huo ndio umeme. Joto linalobaki laweza kuchemsha maji ya zahanati.

Mkazi wa Mkonze, karibu na mji wa Dodoma, atauliza kwanza habari za maji, na ana haki, kwani mvua huko ni haba. Kituo cha kilowati 200 chenye ufanisi wa asilimia 40 kingetumia kilo 860 hivi za gesi kwa siku. Hata mvuke wake wote ukigeuzwa maji, na yale yanayohitajiwa na methani yakirudishwa, yangebaki madebe yasiyofika 100. Si kisima hicho!

Ugumu hasa ni gesi. Ile ya Songo Songo ilifika Dar es Salaam kwa bomba mwaka 2004. Bomba la kutoka Mtwara likakamilika mwaka 2015. Hakuna bomba lililopanda hadi Dodoma. Gesi hufika Mkonze ikiwa imekwisha kuwa umeme, kwa nyaya za gridi. Ama sivyo ingebebwa kwa malori kilometa zipatazo 450. Seli ya namna hii ingefaa kujaribiwa kwanza Mtwara, jirani na visima vya Mnazi Bay.