Anayejiona Hafai Asikimbie Kazi

Katika makanisa mengi huwako siku moja ya mwaka ambayo hata watu waliozoea kusema kwa sauti hunyamaza. Ni siku ya kuchagua wazee wa kanisa, mtunza fedha, kiongozi wa akina mama, au mwalimu wa watoto. Jina la mtu likitajwa, yeye mwenyewe huinamisha kichwa, kisha husimama na kuomba atafutwe mwingine. Mmoja husema hakusoma sana. Mwingine husema hana ulimi wa kunena mbele za watu. Wa tatu husema yu kijana mno. Wa nne hasemi sababu yake, lakini moyoni anakumbuka mambo aliyoyatenda zamani, naye anaogopa kwamba wengine pia wanayakumbuka.

Udhuru huo si wa uwongo. Wengi wanaoutoa ni watu wa kweli, wala hawadanganyi wanaposema wamepungukiwa. Walakini yapasa kuuliza: wakikataa wote, kazi itashikwa na nani?

Katika Kitabu cha Waamuzi imo hadithi ya miti iliyotaka kujiwekea mfalme. Yothamu mwana wa Gideoni aliisimulia kwa watu wa Shekemu, akiwa amesimama juu ya mlima Gerizimu. Mzeituni uliombwa utawale ukakataa, usije ukaacha mafuta yake. Mtini ukakataa, usije ukaacha utamu wake. Mzabibu nao ukakataa kwa ajili ya divai yake. Ndipo miti ikauendea mti wa miiba, nao haukukataa. Uliiita miti yote ije chini ya kivuli chake, hali kivuli chenyewe ni haba, tena ukatisha kuiteketeza kwa moto. Udhuru wa miti ile mitatu haukuwa wa hofu, lakini mwisho wake ni ule ule. Kiti kinachokataliwa na watu wanaofaa hakikai kitupu. Hukaliwa na mtu anayekipenda kiti kuliko kazi.

JIBU ALILOPEWA MUSA

Hakuna aliyetoa udhuru mwingi kuliko Musa. Alikuwa mzee wa miaka 80, mchungaji wa kondoo za mkwewe Yethro, alipoitwa kutoka katika kile kijiti kilichowaka moto bila kuteketea. Kwanza aliuliza yeye ni nani hata aende kwa Farao. Kisha akasema kwamba watu hawatamsadiki. Tena akasema kinywa chake ni kizito. Mwisho, alipokosa udhuru mwingine, aliomba waziwazi atumwe mtu mwingine.

La kuangaliwa sana ni jibu alilopewa. Hakuambiwa kwamba yeye ni mtu mkubwa asiyejua ukubwa wake. Hakukumbushwa kwamba alilelewa katika nyumba ya Farao. Wala haisemwi popote katika habari ile kwamba ulimi wake ulifanywa mwepesi siku hiyo. Aliahidiwa kwamba Mungu atakuwa pamoja naye, na baadaye akapewa Haruni ndugu yake awe msemaji wake. Udhuru wake haukubishwa. Alipewa mwenzi wa njiani na msaidizi wa kazi.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Gideoni pia. Alikuwa akipepeta ngano kwa kujificha ndani ya shinikizo la zabibu, Wamidiani wasije wakamwona. Alisema jamaa yake ni maskini katika kabila la Manase, na yeye ni mdogo katika nyumba ya baba yake. Hakuna aliyemwambia kwamba amekosea hesabu. Aliambiwa tu kwamba hataachwa peke yake. Tena jeshi lake la watu 32,000 likapunguzwa hata wakabaki 300, ili mtu yeyote asije akadhani kwamba ushindi ulitokana na wingi wao. Yeremia naye alisema yu mtoto, asiyejua kusema; naye pia akaahidiwa kwamba Mungu atakuwa pamoja naye.

Watu watatu walitoa udhuru mbalimbali, na wote wakapata jibu moja. Kwa hiyo, mtu aliyetajwa jina akianza kwa kujipima kama anafaa au hafai, ameanza mahali pasipo pake. Swali la kwanza ni kama ameitwa, na ni nani anayekwenda pamoja naye.

HOFU SI UNYENYEKEVU

Wako watu wanaodhani kwamba kule kujiona mdogo, peke yake, ni wema. Habari za Sauli zinaonya. Yeye pia alisema anatoka katika kabila dogo la Benyamini, na jamaa yake ndiyo ndogo kuliko zote. Siku ya kutangazwa kuwa mfalme alitafutwa asionekane, kumbe amejificha kati ya mizigo, ingawa alikuwa mrefu kuliko watu wote kutoka mabegani kwenda juu. Aliyemwona siku ile angaliweza kusema, "Huyu ni mnyenyekevu."

Lakini baadaye, alipoagizwa juu ya Waamaleki, Sauli alimwacha hai mfalme wao na kuziacha nyara nzuri, kisha akakiri mbele ya Samweli kwamba aliwaogopa watu. Tena wanawake walipomsifu Daudi kwa nyimbo kuliko yeye, alimchukia Daudi na kumtupia mkuki. Mtu aliyejificha asitazamwe alikuja kuwa mtu asiyeweza kuvumilia mwingine akitazamwa. Siku ya mizigo na siku ya mkuki macho yake yalikuwa mahali pamoja, yaani juu ya watu na yale wanayosema.

Basi ni vyema mtu apime hofu yake. Mnyenyekevu huuliza, "Nani atanisaidia, nami nianzie wapi?" Mwoga huuliza, "Watu watanionaje?" Swali la kwanza humfungulia mtu njia. La pili humfunga asianze kazi, na kama akianza, humfunga asiitende kwa haki.

APOLO WA MBOGA

Yamkini wengine watasema kwamba hayo ni mambo ya zamani za kale. Na watazame karibu, katika nchi jirani ya Uganda. Apolo Kivebulaya alizaliwa Buganda yapata mwaka 1864. Katika ujana wake alipigana katika vita vya Buganda na akawa askari. Alibatizwa mwaka 1895, akiwa mtu mzima. Mwisho wa mwaka 1896, hata miaka miwili haijatimia tangu ubatizo wake, alikwenda kufundisha Mboga, ng'ambo ya Mto Semliki, karibu na msitu mkubwa wa Ituri, mahali ambapo sasa pamo katika nchi ya Kongo.

Kama watu wangalimpima kwa kipimo cha dunia, wangaliona upungufu mwingi. Alikuwa mgeni. Lugha ya Mboga haikuwa lugha yake. Ukristo wake ulikuwa mchanga, na elimu yake ndogo. Tena walimu waliomtangulia huko walikuwa wamefukuzwa. Mtawala wa Mboga, jina lake Tabaro, aliwakataza watu wasimpe chakula, naye Apolo akapigwa. Kisha dada yake Tabaro akafa kwa ajali ya mkuki uliokuwa umefichika ndani ya majani ya kujengea. Apolo akashtakiwa, akakamatwa, akapelekwa Toro na kutiwa kifungoni.

Yeye mwenyewe alisimulia kwamba katika siku zile za taabu alimwona Kristo, aking'aa kama jua, akimwambia ajipe moyo kwa kuwa yu pamoja naye. Ni jibu lile lile alilopewa Musa. Alipofunguliwa alirudi Mboga kwa watu wale wale. Mwisho Tabaro mwenyewe aliamini, akabatizwa kwa jina la Paulo.

Apolo alifanywa shemasi mwaka 1900 na kasisi mwaka 1903, na mwaka 1922 akapewa cheo cha kanoni wa kanisa kuu la Namirembe. Katika uzee wake aliingia msituni kuwafundisha Wambuti. Alifariki Mboga tarehe 30 Mei, 1933. Desturi ilikuwa kumzika mtu kichwa kikielekea mashariki, lakini yeye aliomba kichwa chake kielekezwe magharibi, upande wa msitu, kuonyesha kwamba kazi haijaisha na sharti isonge mbele. Kanisa la Uingereza humkumbuka kila tarehe 30 Mei, na mwaka 1992 Kanisa la Anglikana la Kongo, ambalo mizizi yake i Mboga, likawa jimbo kamili lenye askofu wake mkuu.

KUANZA NA KILICHOPO MKONONI

Haya hayana maana kwamba nia njema yatosha mahali pa ujuzi. Mtu asiyejua hesabu asishike fedha za kanisa kwa kubahatisha. Lakini hesabu hufundishika. Mtunza fedha mpya aweza kumwendea karani au mwenye duka aliye mwaminifu amfundishe jioni chache. Sadaka na ihesabiwe na watu watatu kabla hawajatoka kanisani, iandikwe kitabuni palepale, na wote watatu watie sahihi. Hivyo mwaminifu asiye na elimu kubwa atalinda mali ya kanisa vizuri kuliko msomi anayehesabu peke yake.

Mzee asiyesoma upesi na asomewe somo la Jumapili tangu Jumatano, mpaka alijue. Mama mwenye sauti ndogo asilazimishwe kuhutubia. Huenda yeye ndiye afaaye kwenda kukaa na wagonjwa na wafiwa, maana huko hotuba haitakiwi. Na yule anayeonewa haya na mambo yake ya zamani na amkumbuke Petro, aliyemkana Bwana wake mara tatu, kisha akaagizwa kuwalisha kondoo. Ikiwa alichukua cha mtu, na akirudishe. Ikiwa amekosana na mtu, na wapatane. Akiisha kufanya hivyo, asiyageuze makosa yaliyosamehewa kuwa kamba ya kujifunga miguu.

Musa mwenyewe, hata baada ya kuivuka bahari, alikuwa bado na la kujifunza. Alikaa tangu asubuhi mpaka jioni akiwaamua watu peke yake, hata Yethro akamwonya kwamba atachoka yeye na watu wake pia. Ndipo akaweka wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa kumi. Hapo yule ajionaye amepungukiwa ana faida moja. Anayedhani kwamba anatosha huchelewa kuwaita wenzake, lakini anayejua upungufu wake huwaita mapema. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Wenye kuchagua nao wana wajibu wao. Si haki kumtwika mtu mzigo kisha kusimama kando na kuangalia kama atajikwaa. Kijana akikosea maneno katika sala yake ya kwanza mbele ya watu, na wazee wakamcheka, wasishangae mwaka ujao kila kijana akiinamisha kichwa. Walimcheka mmoja, lakini walionyamazishwa ni wengi. Mzee mmoja akimwendea kijana yule baada ya ibada, akamshukuru na kumsahihisha wawili tu, amelipa kanisa kiongozi wa miaka mingi.

Basi mtu akitajwa jina, asijibu upesi kwa kukataa wala kwa kukubali. Na aombe siku chache. Katika siku hizo amwombe Mungu, kisha awaulize watu wawili au watatu wanaomjua vema na wasioogopa kumwambia kweli. Ajiulize ni jambo gani moja katika kazi ile aweza kulifanya juma hili, na ni nani atakayemfundisha lile asiloliweza. Akipata jambo moja na mwalimu mmoja, amekwisha kupata mahali pa kuanzia.