Mzee Wangu, Mimi na Baiskeli ya Umeme

Kwenye semina za kuwaandaa wastaafu utafundishwa mengi. Utaambiwa ufuge kuku, ujihadhari na matapeli wanaonusa kiinua mgongo, na kikokotoo utaelezwa mpaka kichwa kiume. Lakini hakuna atakayekwambia kwamba Jumatatu ya kwanza baada ya kukabidhi ofisi utaamka na mwenzio yupo nyumbani. Jumanne yupo. Jumatano naye yupo, tena anauliza kwa nini sukari inawekwa kabati la juu.

Nina miaka 36 kwenye ndoa. Zaidi ya 20 kati ya hiyo, baba watoto alikuwa kazini Dar es Salaam na mimi nafundisha shule za msingi huku kwetu Lushoto. Ilikuwa ndoa ya simu na ya mwisho wa mwezi. Ilikwenda vizuri tu, watoto wakasoma, nyumba ikajengwa. Halafu tukastaafu wote, yeye akatangulia, mimi nikafuata, na tukajikuta watu wawili wazima tunaofahamiana kwa barua zaidi kuliko kwa sura.

Akawa mtu wa barazani. Redio, gazeti, kimya. Akifungua mdomo ni chumvi imezidi au geti halikufungwa. Nikajua hapa tatizo siyo chumvi.

Hospitali wakamkuta na presha. Daktari akasema atembee nusu saa kila siku. Ushauri mzuri kabisa, kwa mtu anayeishi Tanga mjini! Lushoto ipo mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, na ukitoka mlangoni kwako ama unapanda ama unateremka, tambarare ni uwanja wa mpira. Goti lake la kulia halitaki kabisa mambo hayo. Tulijaribu kwenda wote. Mimi niliyezoea kupandisha shambani nikawa mbele, yeye mita hamsini nyuma anahema. Unasimama kumsubiri, akifika anaona umesimama kwa kumhurumia, ananuna. Kutembea gani huko?

Mtoto wetu wa pili ndiye aliyeleta wazo la baiskeli za umeme. Aliziona Dar, mbili, mitumba kutoka Ulaya. Bei sitaitaja hapa maana kuna ndugu wanasoma gazeti hili. Nitasema tu kwamba hela hiyo ingetosha kupandisha banda la kuku zuri, na kuna shemeji yangu mpaka leo anaiombolezea.

Siyo pikipiki

Watu wengi wanachanganya. Bodaboda ya umeme unakaa, unazungusha mkono, inakwenda. Hii yetu usipokanyaga pedeli haiendi kokote. Kuna kifaa kinachosikia mguu unavyokanyaga, kinaiambia mota isaidie. Ukiongeza nguvu inaongeza, ukiacha inaacha. Wazo lenyewe si geni, kampuni ya Yamaha ilianza kuuza baiskeli ya namna hiyo Japani mwaka 1993. Kwa sheria za Ulaya mota yake haizidi wati 250, na ukifika mwendo wa kilomita 25 kwa saa inakata msaada, unabaki na miguu yako.

Sasa kitu kilichoniokolea ndoa ni kidubwasha kidogo pale kwenye usukani. Kina namba. Moja, msaada kidogo. Tatu, unasukumwa kama una mjukuu nyuma. Mzee anaweka tatu, mimi naweka moja. Nami natoka jasho sawasawa, naye anatoka jasho sawasawa, na juu tunafika pamoja, bega kwa bega. Hakuna anayemsubiri mwenzake. Hakuna wa kuhurumiwa.

Vijana wa stendi wanatutania kwamba tunaiba. Waache. Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, kilichapisha mwaka 2019 utafiti uliofanywa kwa watu wenye umri wa miaka 50 hadi 83 walioendesha baiskeli kwa wiki nane, nusu saa, mara tatu kwa wiki. Wa baiskeli za umeme nao walionekana kunufaika akilini, sawa na wa baiskeli za kawaida, na kwa upande wa furaha ya moyo hata waliwapita kidogo. Mwaka huohuo watafiti wengine waliochunguza miji saba ya Ulaya walikuta wenye baiskeli za umeme wanafanya mazoezi kiasi kilekile, kwa sababu wanakwenda mbali zaidi. Mimi hilo halikunishangaza. Mlima usiouogopa ndio utakaoupanda kila siku.

Wengine hawakuwa na neno na mota, walikuwa na neno na mimi. Bibi mzima, suruali ndani, kitenge juu, kofia ngumu kichwani! Wiki ya kwanza kanisani palikuwa na minong'ono. Wiki ya tatu kuna wawili wa kwaya walikuja kwa siri kuomba kujaribu pale uani. Mmoja hakutaka kushuka.

Magamba

Njia tunayoipenda ni ya kupandisha Magamba, kama kilomita 7 kutoka mjini. Wageni huwa wanauliza kama ni hifadhi ya taifa. Hapana, ni Hifadhi ya Mazingira Asilia, ipo chini ya TFS, wakala wa misitu. Ina zaidi ya hekta 9,000. Unalipia kibali, unapewa mwongozaji, unaulizia njia gani baiskeli zinaruhusiwa, maana nyingine ni za miguu tu. Hifadhi ya taifa ya jirani ni Mkomazi, iliyopewa hadhi hiyo mwaka 2008, ila kule kuna tembo na simba, baiskeli sishauri.

Ndani ya msitu pana baridi hata saa sita mchana. Mikangaga mikubwa kama miavuli, ukungu unapita kati ya miti, mbega wanaruka juu na mikia yao meupe. Wajerumani walipaita Lushoto Wilhelmstal, kwa heshima ya mfalme wao, wakawa wanakimbilia huku joto la pwani. Ni mmoja wao, mtawala wa Tanga aliyeitwa Walter von Saint Paul-Illaire, aliyepeleka kwao mwaka 1892 kijiua cha zambarau cha milima hii. Leo kipo kwenye vyungu madirishani dunia nzima, na Wajerumani bado wanakiita kwa jina la Usambara. Nimefundisha habari hiyo miaka na miaka. Baba watoto, mzaliwa wa hapahapa, alikuwa hajawahi kuingia msitu huu tangu akiwa mvulana wa kuokota kuni.

Safari ambayo sitaisahau, hata hivyo, haikuwa ya Magamba. Ilikuwa Irente, pale genge linapokatika na chini, karibu mita elfu moja, unaona Mazinde, mashamba ya mkonge na mabasi ya barabara kuu yanatambaa kama siafu. Tumeegesha baiskeli, tunakunywa chai ya chupa. Bila kuulizwa akasema, "Mama, unajua tuliostaafu mwaka mmoja pale ofisini tulikuwa kumi na moja? Wanne tumeshawazika."

Nikakaa kimya.

"Kila nikikaa barazani nahesabu," akasema. "Nahesabu nani anafuata."

Miezi minane alikuwa amekaa na hilo. Nilidhani amenichoka. Tuliongea mpaka jua likaanza kushuka upande wa Umasaini, mengine ya mazishi, mengine ya watoto, mengine ya mwaka 1994 ambayo hayawahusu wasomaji. Kurudi tuliwasha taa.

Kabla hujafungua pochi

Shoga yangu, kama wazo limekuingia, sikiliza. Hatari haipo kwenye kupanda, ipo kwenye kuteremka. Baiskeli hizi zina kilo 20 na zaidi, na kona za Lushoto hazina msamaha, mvua ikinyesha udongo mwekundu unakuwa sabuni. Kagua breki kabla ya kila safari, zote mbili. Mwenye presha aongee na daktari wake kwanza, na dawa asiache kwa sababu anajisikia kijana.

Betri ndiyo roho na ndiyo gharama. Ukinunua mtumba, sisitiza ujaribu mlimani, siyo barabara ya lami ya Kariakoo, kwa sababu betri iliyochoka inajificha kwenye tambarare. Usiiache juani, usiichaji ikiwa imelowa. Kuijaza ni kama nusu uniti ya LUKU, haifiki shilingi 200. Pancha na mnyororo fundi yeyote wa baiskeli atakumalizia, mota ni habari nyingine. Na ikiisha chaji katikati ya mlima, utaijua vizuri hesabu ya kilo 20.

Miezi ya Machi hadi Mei tunapumzika kwa sababu ya masika. Juni na Julai ni sweta mbili.

Sasa hivi tunajipanga kwa Mtae, kama kilomita 60, kupitia Lukozi kwenye soko la mboga. Tutalala njiani, siku mbili za kwenda. Ukiwa Mtae unaiona Mkomazi yote kwa chini, na anga likiwa safi, Kilimanjaro. Mzee kapiga mahesabu ya betri kwenye daftari, kurasa nne. Kasema betri ya akiba nibebe mimi kwa kuwa ndiye mwenye magoti. Bado tunajadiliana.